Ndiyo za Mama Nambozo

Jumanne, Mbale

Eti mashine inakula chapati! Bado nacheka, ingawa ningepaswa kuona haya.

Asubuhi nilikwenda chini ya mlima Wanale kukagua mashine ya kusaga mahindi ya Mama Nambozo. Tangu vita viishe inanguruma tu, unga hautoki. Nikamweleza kwa Kiswahili changu cha kifundi kwamba injini imechoka, anunue nyingine. Kila nilichosema alijibu, "Ndiyo, afande." Hata kuuza ng'ombe wake wawili alikubali.

Nikaingiwa na shaka. "Mama, na mashine hii inakula chapati?"

"Ndiyo, afande. Inakula."

Hapo nikaelewa. Kiswahili kile, ambacho huku ni lugha ya askari, pamoja na koti langu la kaki! Nikalivua, nikaketi juu ya gunia. "Mama, mimi si askari. Mimi fundi tu wa Jinja, hata mke wangu haniogopi. Niambie wewe, mashine iliharibikaje?"

Alicheka mpaka akafuta machozi. "Bwana, wakati wa vita tuliizika kwenye migomba, askari wasiichukue. Tulipoifukua, mawe ya kusagia tuliyarudisha vibaya. Mimi najua. Lakini wewe hukuuliza."

Tukaifungua. Jiwe moja lilikuwa limegeuzwa juu chini. Kufika saa saba unga ulikuwa unamiminika, na ng'ombe wake wawili bado wamo zizini.

Kinachonisumbua sasa ni mzee mmoja wa Budondo. Wiki jana nilimshauri anunue pampu mpya, akaitikia upesi mno. Mungu ajalie awe bado hajainunua.