Baba, Darasa Bado Lina Giza

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotuacha, na kabati lako bado linanuka rangi kila tukilifungua.

Wengi walikujua kama Mzee Brashi, mwenye kiwanda cha rangi. Sisi tulikujua kwa kucha zako zisizotakata, na kwa jinsi ulivyogonga ukuta wa watu kabla hujawasalimia. Shule ikiomba msaada, hukutanguliza gari la rangi. Ulikwenda mwenyewe, ukajikunja kwenye dawati la nyuma kabisa, ukawauliza watoto, "Hapa mnaona ubaoni?" Rangi walichagua wao. Waliotaka zambarau walikuchekesha mpaka ukakohoa: "Bilingani tupu! Haya, wapelekeeni. Watakaokaa humo ni wao, si mimi."

Sasa kiwanda anakiongoza mdogo wako. Tunampenda, ila ametuchosha. Shule iliyo nyuma ya kiwanda iliomba rangi nyeupe, kwa kuwa darasa la mwisho lina giza. Likapakwa nyekundu iliyokolea, rangi ya kampuni, chini hadi juu, na nembo kubwa kama mlango. Picha zikapigwa. Watoto wa mtihani sasa wanabanana dirishani ili waone wanachoandika.

Kitinda mimba wako, aliyetoka chuoni akiamini wakubwa husikia wakielezwa vizuri, alimfuata ofisini.

"Baba Mdogo, waliomba nyeupe."

"Mwanangu, kutoa bila nembo ni kama kumpigia mtu simu usiseme wewe ni nani."

"Baba hakuwa akisema, na walimjua."

"Baba yako alikuwa na moyo. Mimi nina bodi."

Mama aliposimuliwa, akampigia papo hapo. "Shemeji, hiyo bodi inafuata moyo wa nani kama si wako?"

Akajibu kwamba litaangaliwa mwakani. Mwakani, Baba! Na mtihani ni mwaka huu.

Basi leo hatuna shughuli ya kumbukumbu nyumbani. Tumenunua rangi nyeupe dukani kama wateja wengine, mwalimu mkuu ametupa ufunguo, tunakwenda kupaka. Nembo nayo tutaifunika. Mdogo wako tumemwambia. Kasema hatatuzuia, lakini yeye hataki kuonekana hapo. Kitinda mimba wako kambebea brashi hata hivyo.

Unakumbukwa na mkeo, wanao, wakwe na wajukuu, pamoja na mdogo wako, ambaye tumemweka hapa bila kumwomba ruhusa.

Mioyoni mwetu hutoki, Baba.