Harusi ya Ouma Ilipokwama Sebuleni Kwangu

Jumamosi, Nyamasaria. Mvua imeshinda ikinyesha, na mimi nimeshinda nimenuna.

Nina wivu. Wacha niseme tu.

Mama amekuja kutoka Pap Onditi kukaa nami hadi mguu wake upone. Kwangu, si kwa Akinyi. Akinyi ni mdogo wangu. Tumepanga nyumba zinazopakana, ukuta ni mmoja na Wi-Fi ni moja. Leo ndugu yetu Ouma alikuwa anafunga ndoa Uingereza, na harusi ingeonyeshwa moja kwa moja mtandaoni. Nilikuwa nimenunua kompyuta mpya na kuiunganisha na TV kubwa ya sebuleni. Nilitaka Mama amwone mwanawe vizuri. Nilitaka pia ajue ni mimi niliyemwonyesha.

Ouma akatokea na suti yake, akatabasamu, akaganda. Akaruka mbele hatua tatu, akaganda tena. Sauti ilikuwa inaenda vizuri, picha inafuata kwa kuchechemea.

“Huku kwangu iko sawa!” Akinyi akaita kutoka upande wa pili. “Mama aje huku!”

Ile kompyuta yake kuukuu, yenye kibodi iliyong'oka herufi!

Mama akachukua mkongojo wake. “Nyathina, mwanangu, utaniita ikitengenea,” akaniambia kwa upole. Upole huo ndio ulioniuma.

Nikabaki nahangaika. Nilizima, nikawasha. Nilisogeza kisanduku cha Wi-Fi karibu na TV. Nikapunguza ubora wa picha, Ouma akawa ukungu, na bado anaganda. Basi si mtandao, nikawaza, maana sauti nayo ingekatika. Shida iko kwa kompyuta yenyewe.

Akinyi akachungulia mlangoni. “Sista, umeangalia kama brauza inatumia kadi ya picha? Yangu ilinisumbua hivyo hivyo.”

Nikamwambia nimeshaangalia. Uongo. Alipoondoka ndipo nikafungua mipangilio, na kweli, ilikuwa imezimwa. Kompyuta yangu mpya ilikuwa inafanya kazi yote kwa ubongo wake tu, kadi ya picha, chombo chake cha kuonyeshea video, imelala. Nikaiwasha, nikafungua brauza upya.

Picha ikatiririka. Niliweza kuona hata shanga kwenye kofia ya mama mkwe wa Ouma.

Nikakimbia kumwita Mama. Nilimkuta amelaza mguu mapajani mwa Akinyi, na Akinyi anamfasiria Kiingereza cha mchungaji kwa Dholuo, neno kwa neno.

“Yangu imetengenea, Mama. Na ni kubwa.”

“Asante, nyathina. Acha tu nimalizie hapa. Huyu ananielezea.”

Nikarudi nikakaa peke yangu mbele ya ile TV. Kwangu harusi ilichelewa kidogo kuliko kwao. Nilisikia Mama akipiga vigelegele ng'ambo ya ukuta, kisha ndipo Ouma akamvisha bibi harusi pete kwenye skrini yangu.

Nilivumilia hadi wimbo uliofuata ukaisha. Nikazima, nikabeba chupa ya chai, nikaenda. Mama alisogea kidogo nipate pa kukaa, mkono wake ukabaki umeshika wa Akinyi.

Nilikuwa nao, na nilicheka nao. Lakini macho yangu hayakubanduka kwenye ule mkono.

Ninavyoandika haya bado nauona. Mtu mzima kama mimi, nitaacha lini kushindania Mama na mdogo wangu?