Alama ya Bhavna kwenye maboksi yangu

Jumatano, baada ya isha

Alhamdulillahi sikufungua mdomo.

Leo hapa Shiling, kwenye soko la mikoba huku China, nimekuta maboksi yangu yote ya mikoba yameandikwa alama ya mzigo ya Bhavna, Mhindi wa Kisutu ninayechangia naye kontena. Nikapandwa na hasira. Kila siku ananisikilizisha kwenye simu walimu wake wa Kihindu, eti mimi na yeye na Mungu ni kitu kimoja. Kumbe ndiyo njia ya kubeba mzigo wangu!

Nikakumbuka anavyoniambia: "Dada Mwanaidi, ukikasirika jiulize kwanza, anayekasirika ni nani?"

Nikajiuliza kwa kejeli. Ni mimi, nani mwingine? Mimi niliyeshika maka peni jana, nikamsaidia kuandika maboksi yake, huku naongea na mama simuni, nikaunganisha mpaka kwenye...

Ya Rabi. Ni mimi.

Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. "Si nilikwambia sisi ni kitu kimoja?"

"Bandarini Dar hawalijui hilo," nikamjibu. Tukafuta pamoja.

Dini yake siitaki, yangu inanitosha. Lakini lile swali nimelichukua. Halina alama ya mtu.