Baharia Hajakaripiwa Wiki Nne

Mama,

Keshokutwa meli ya kaka Saidi inatia nanga Antwerpeni, na mwanao bado hajui kwamba umefariki.

Siku tuliyokuzika, Tonton Hamza, mdogo wako, alisema msafiri hapewi habari ya msiba njiani, tusubiri ashuke. Wote tukaitikia. Lakini wewe na Saidi mlikuwa na mchezo wenu wa Jumapili, na aliyebaki na simu yako ni mimi.

Unakumbuka ulivyoanza? Yule padri mstaafu uliyekuwa ukimhudumia hapa Ganshoren alikufundisha mots croisés zake za Kifaransa, yale mafumbo ya maneno ya kujaza kwenye miraba. Ukaanza kutunga za Kiswahili, ukizipiga picha na kumtumia Saidi huko majini. Kila fumbo lilikuwa na baharia, na kila baharia alipata karipio lake. "Bahari, na mwanzo wa aibu nyuma yake, herufi saba." Wiki hiyo hakuwa amepiga simu. Chini yake ukaandika: "Alors, mama yako ni mimi ao ni bahari?" Akajibu: "Baharia. Pardon, maman." Ulicheka mpaka ukakaa chini jikoni.

Basi nimetunga mimi, Mama. Mafumbo manne, kwa jina lako. Nimeiga miraba yako, hata mwandiko wako ulioinama. Karipio ndilo lililonishinda. Kila nikijaribu kumgombeza mtu aliyefiwa na mama yake bila kujua, kalamu inagoma. Nikaweka nanga, kamba, samaki, salamu.

Jana Saidi aliandika: "Maman, mbona haunikaripii tena? Uko mugonjwa?"

Simu nimeificha kwenye droo, chini ya vitambaa vyako, na kila saa naenda kuitazama. Naogopa kwamba ameshajua. Naogopa zaidi kwamba hajajua, na atashuka na zawadi zako mkononi. Njia ya mwongo ni fupi, ulikuwa ukituambia, na yangu imeishia bandarini.

Pumzika, Mama. Mungu akulaze mahali pema. Nakuahidi Saidi hatafika mlangoni kwako akapiga hodi. Nitakwenda mwenyewe Antwerpeni kwa treni ya asubuhi, nimwambie waziwazi kwamba umekufa, na kwamba aliyekuwa akimwandikia ni mimi. Safari hii atakayekaripia ni yeye, na nitasimama pale pale mpaka amalize.

Binti yako,
Mwajuma