Kwa Wilkister, Kuhusu Ile Barua ya Sanduku la Maoni

Mwaka umetimia, Wilkister, tangu Alhamisi ile ulipotoka zamu na usifike nyumbani. Gari lilikugonga ukivuka barabara pale Kamakis, saa moja na robo asubuhi, viatu vya kazi vikiwa bado miguuni. Mume wako Kiama alikuwa ameshachemsha chai. Hadi leo huchemsha nyingi kuliko inayohitajika.

Tunakukumbuka kwa mambo madogo. Ukifika kwetu Kiganjo, kabla hata hujaketi, ulikuwa unanawa mikono mpaka kwenye viwiko huku sisi tukitazamana. Ulicheka kwa sauti kubwa, kisha ukaziba mdomo kana kwamba kicheko kimekuponyoka. Mukimo ulijifunza kuupika ukubwani ukatushinda sisi tulioukuta nyumbani. Binti yako Njambi anacheka vile vile, na mdomo anauziba vile vile.

Lakini hatukuandika tangazo hili la gazeti kwa ajili ya hayo tu. Kuna jambo uliondoka bila kulijua, na aliyetuamuru tuliseme ni mama mkwe wako, bibi ya watoto wako, tunayemwita Cucu Njambi, ambaye ulimpa binti yako jina lake. Tulimsihi aache. Jackie, wifi yako, alimwambia, "Mum, hii maneno ibaki kwa nyumba. Watu wa kanisa watasema nini?" Cucu akamjibu, "Wacha waseme. Mimi nilisema yangu na hakuna mtu aliniuliza." Basi tunaandika, kama alivyotusimulia mwenyewe.

Cucu hakukuamini tangu mwanzo. Si kwa sababu ulitoka Bungoma, kwa kabila jingine, ingawa hilo nalo alilitaja mara moja moja akiwa na hasira. Alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha kufunga mananasi, na huko alijifunza kwamba kila mtu ana mkubwa wake, na asiyetumwa hagusi. Kwa Cucu, nesi ni mtu wa kutumwa. Daktari anafikiri, nesi anadunga sindano. Nesi akionekana anafikiri, basi kuna kitu anaficha.

Na wewe ulionekana unafikiri. Kila siku yako ya mapumziko ulikuja Kiganjo, ukamsalimia Cucu, halafu mkono wake usiuachie. Vidole viwili kwenye kifundo, macho kwenye saa. Hilo angelivumilia. Ila macho ya Cucu hayadanganyiki. Aligundua kwamba macho yako yalitoka kwenye saa yakahamia kifuani kwake, yakakaa huko, na wewe husemi neno. Kisha unaingia jikoni, unatoa kijitabu chekundu kwenye mkoba, unaandika.

"Unaandika nini, Mama Njambi?" alikuuliza siku moja.

"Kitu kidogo tu, Mum."

"Ni daktari gani amekutuma?"

"Hakuna mtu amenituma."

Jibu hilo lilimnyima raha wiki nzima. Hakuna mtu amenituma! Mtu anayechungulia kifua cha mwenzake bila kutumwa, Cucu alituambia, ni wa kuogopwa. Akaanza kuvaa sweta mbili akisikia unakuja. Ukimshika mkono, anashusha pumzi polepole kwa makusudi, ili usipate hicho unachokitafuta, chochote kile.

Kisha kikaja kikohozi. Cucu alikohoa mwezi mzima, akakuomba umdunge sindano, kama jirani yake anavyodungwa na mtu wa duka la dawa. Ulikataa. Ulimwambia sindano haitolewi kwa kukisia, aende kwanza apimwe. Ulipoondoka, Cucu alituita sebuleni akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Sindano hadungi. Watu anawaangalia kifua. Anaandika andika. Haiya! Huyo ni nesi wa wapi?"

Na sisi, Wilkister, tusijifanye watakatifu. Hatukukutetea. Jackie alisema huenda unafanya kazi ya usafi na unaona haya kusema. Tulicheka. Kiama alicheka pia, na hilo amekubali liandikwe. Tukimuuliza kazi yako ni ipi hasa, alikuwa akitujibu kwamba "anasaidia madaktari," nasi tukaridhika, kama watu wasiotaka kuambiwa zaidi.

Cucu hakuridhika. Alitia uji kwenye chupa ya chai, akajifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, akaenda hospitali yenu saa ya kuona wagonjwa. Aliketi kwenye benchi mkabala na mlango wa wodi kama mtu aliyemletea mgonjwa chakula. Mgonjwa hakuwa naye. Uji aliunywa mwenyewe.

Alikuona ukimgeuza mzee mmoja aliyechafua shuka. Ulimpangusa taratibu, ukamwambia neno lililomchekesha, ukainama ukautazama mgongo wake kwa muda mrefu. Cucu akajisemea, kumbe Jackie alisema kweli, ni mtu wa usafi. Hakujua kwamba ulikuwa ukitafuta mahali ngozi ilipoanza kuharibika kwa kulaliwa, kabla hapajawa donda. Hilo tumeelezwa na wenzako baada ya kukuzika. Kuliuliza tungeweza kuliuliza ukiwa hai.

Mara akaja daktari kijana na faili, akakuonyesha ukurasa. Ulisoma, ukatikisa kichwa. Akasema kitu, ukatikisa tena. Mwishowe ni yeye aliyetoa kalamu akakata alichokuwa ameandika, akaondoka ameinamisha uso. Cucu alibana chupa yake kwapani.

"Ngai! Anabishana na daktari," alimwambia mama aliyeketi karibu naye, ambaye hakujua anaambiwa habari za nani.

Juma lililofuata alirudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliitumbukiza kwenye sanduku la maoni, lile la mbao lililo ukutani karibu na mapokezi. Hakutia jina lake. Maneno yake anayakumbuka yote: "Mko na mfanyakazi anaitwa Wilkister. Anabishana na madaktari. Hajui kudunga sindano. Anaandika hali za watu kwa kitabu chekundu kwa siri na hatujui anakipeleka wapi. Chunguzeni kama ni nesi wa ukweli."

Anasema siku hiyo alirudi nyumbani akala vizuri na akalala vizuri. Katika yote, hilo ndilo linalomuuma zaidi.

Yaliyofuata uliyajua wewe. Sisi tuliyasikia nusu nusu. Ulitolewa wodini majuma sita. Vyeti vyako vikapelekwa kukaguliwa, vya shule hadi leseni, na wewe ukawekwa stoo kuhesabu glavu ukisubiri kuambiwa kama ungali nesi. Ulipotuambia kuna shida kazini, tulidhani ni mambo ya ofisi, tukakupa pole, tukaendelea na chai. Cucu alikuwepo. Alikoroga chai yake akakuuliza, "Kwani walikuwa wanataka nini?" Ukamwambia hujui.

Aliyekutoa shimoni ni yule daktari kijana, Kaloki. Alitusimulia mwenyewe siku ya mazishi, amesimama kando ya hema, macho mekundu. Aliambia kamati ya hospitali, "Siku hiyo nilikuwa nimeandika dawa mara kumi ya kipimo kinachotakiwa. Sista alikataa kuitoa mpaka nikarekebisha. Angetii tu, yule mzee angekufa mikononi mwangu. Hakuwa ananibishia. Alikuwa anafanya kazi yake." Ukarudishiwa wodi yako.

Hukurudishiwa kila kitu, wenzako wametuambia. Barua ilitaja kijitabu chekundu, na kijitabu hicho hukuwahi kukifungua kazini. Mtu mmoja tu pale alikijua, maana ndiye aliyekupa zawadi: Bridget Nafuna, nesi mwenzako, mliyesoma darasa moja na kula chakula cha mchana kwenye kopo moja. Ulipiga hesabu ukapata jibu hilo hilo kila mara. Hukumuuliza. Ulianza kula peke yako. Alipokufuata kukuuliza kuna nini, ulimwambia, "Wewe unajua," ukampita. Baada ya miezi mitatu alitafuta kazi kwingine, akahamia mtaa wa Kahawa Sukari, na jina lake likaisha mdomoni mwako. Tangu hapo hukumwamini mtu yeyote wa hospitali ile, hata mlinzi wa lango. Kiganjo hukuitilia shaka siku hata moja.

Uliendelea kuja. Vidole viwili, saa, kijitabu. Asubuhi moja Kiama alimpakia mama yake kwenye gari akimwambia wanaenda kusajili kadi ya matibabu, wakaishia kliniki ya moyo. Moyo ulikuwa umepanuka na maji yalikuwa yameanza kuingia mapafuni. Alipewa dawa, na kikohozi kikaisha. Jumapili Cucu alisimama kanisani akatoa ushuhuda mrefu, akasema, "Daktari alinigundua mapema!" Wewe ulikuwa benchi la nyuma na mwanao Marvin mapajani. Ulipiga makofi pamoja na wengine.

Siku ya kukuzika, wauguzi walikuja na sare zao nyeupe wakapanga safu mbili, kila mmoja na mshumaa. Bridget alikuja pia. Alisimama nje ya ua, amevaa gauni la kawaida, na hakuna aliyempa mshumaa. Cucu alimuuliza mmoja wa wenzako, "Na yule msichana analia huko nje ni nani?"

"Wachana na yeye, Cucu. Ndiye aliripoti marehemu."

"Aliripoti aje?"

"Kwa barua. Ya sanduku."

Cucu alisikia, akaelewa. Hakuenda kwenye ua. Aliketi kwenye kiti chake cha plastiki mpaka watu wakaisha.

Majuma mawili baadaye tulikifungua kijitabu. Binti yako Njambi alisoma kwa sauti, Cucu akiwa amekaa karibu naye. "Pumzi ishirini na mbili. Pumzi ishirini na nne. Miguu imevimba, soksi zimeacha alama. Anakohoa akilala chali." Ukurasa mwingine: "Leo ana sweta mbili na anapumua kwa makusudi. Nihesabu tena akisinzia." Na pembeni, kwa herufi ndogo: "Asijue. Mtu akijua anahesabiwa, pumzi hubadilika." Kwenye jalada la nyuma ulikuwa umebandika nakala ya barua yako kwa daktari wa moyo, ukimwomba amwone mama mkwe wako upesi, pamoja na namba zote za miezi minane.

Kwa hiyo Cucu alikuwa na haki ya kushuku, Wilkister. Kweli ulikuwa unamchunguza. Alikosea tu kuhusu sababu.

"Soma tena," Cucu alimwambia mjukuu wake. Njambi akasoma tena. Cucu akaomba apelekwe kulala, na saa zilikuwa tisa mchana.

Hata hivyo hakusema. Aliweka jambo hilo moyoni karibu mwaka mzima, akiendelea kumeza dawa zako. Mwezi uliopita alituita sote akalitoa, amesimama, hataki kiti. Jackie alilia. Kiama alitoka akaketi ndani ya gari mpaka jioni. Bado hajala chakula nyumbani kwa mama yake, na sisi hatumlazimishi. Siku hizi tukikaa pamoja, kila mmoja anamwangalia mwenzake na kujiuliza ni nini kingine hakijasemwa.

Cucu ndiye aliyetaka Bridget apigiwe simu, na akataka kuongea mwenyewe. Tuliweka sauti kubwa sote tusikie.

"Bridget, mimi ni mama mkwe wa Wilkister. Ile barua niliandika mimi."

Tulisikia Bridget akifunga mlango upande wa pili.

"Yeye alikuja kujua?" akauliza.

"Hapana."

"Kwa hivyo alienda akiamini ni mimi."

"Ndio," Cucu akasema.

Tulimuuliza Bridget kama tungeliweka jina lake hapa, kati ya wanaokukumbuka. Alijibu pole pole, kama mtu anayetaka kila neno lifike. "Andikeni kwa gazeti haikuwa mimi. Jina yote, Bridget Nafuna, ndio wale walininyima mshumaa wasome. Lakini kwa hiyo list yenu ya familia msiniweke. Mimi nitamkumbuka kivyangu."

Tumefanya alivyosema. Ulikuwa nesi, Wilkister, mwenye leseni na akili yako mwenyewe, na hukuwa msaidizi wa mtu. Na aliyeandika ile barua kukuhusu hakuwa Bridget Nafuna.

Tunaokukumbuka ni mume wako Kiama, watoto wako Njambi na Marvin, wazazi wako, Mzee Boaz na Mama Rasoa wa Bungoma, wifi yako Jackie na shemeji yako Eddie, Daktari Kaloki, na wauguzi wa wodi yako. Mwisho ni Cucu Njambi wa Kiganjo, aliyeiandika ile barua, na aliyeomba jina lake likae chini ya yote. Tungali hai, hatutaacha kukukumbuka.