Maziwa Uliyotia Kwenye Chupa

Kiwanjani,
S.L.P. 73,
Isiolo.
9 Machi 1986

Mpendwa Wifi Gumato,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Moyale, wewe na mume wako na watoto. Je, lile jino lililokuwa likikusumbua? Lazima limepona, maana nasikia siku hizi unacheka sana.

Sisi huku hatujambo, ila mmoja.

Mvua haijanyesha. Mbuzi tunawapeleka upande wa Burat kutafuta majani. Kaka yako Yattani ni mzima wa mwili. Akipewa chakula anakula, asipopewa hadai.

Dabasso, yule mfanyabiashara wa ng'ombe, alipita hapa akitoka kwenu. Nikampa chai. Alituletea salamu zako, pamoja na ile hadithi unayowachekesha nayo watu, jinsi ulivyowadanganya watu wa utafiti waliokuja nilipokuwa ndani ya arobaini. Aliigiza hata sauti yako. "Wao wanataka maziwa ya mama? Mimi nikapatia wao ya mbuzi, na wakaandika jina ya Tiya kwa chupa." Alicheka peke yake mpaka akaona kaka yako ameweka kikombe chini. Maskini, hakuwa na habari kwamba tumetoka kuzika. Wewe pia hukuwa nayo, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka walivyosema, kwamba wanapima kama dawa za wadudu zinatuingia mwilini kupitia chakula, na kwamba maziwa ya mama yatawaonyesha. Mimi nilikamua yangu kwenye kikombe, nikakupa uwapelekee nje, kwa kuwa nilikuwa mzazi na wao walikuwa wanaume. Wewe ukayamwaga nyuma ya nyumba, eti jicho la watu lisimpate mtoto. Ukamkamua mbuzi wa madoa. Mbuzi huyo kaka yako alikuwa amemtoa josho jana yake, bado ananuka dawa ya kupe. Wewe mwenyewe ulilalamikia ile harufu.

Ulipokwisha kurudi kwako, majibu yalikuja. Muuguzi Kinya, yule msichana wa Meru, alikaa kitandani pangu akanishika mkono. "Mama, maziwa yako iko na dawa mingi sana. Usinyonyeshe mtoto tena." Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini, na jina langu lilikuwa kwenye chupa?

Nilifunga matiti kwa leso. Maziwa yakapenya kitambaa, mtoto akiyatafuta kwa mdomo na kulia, nami nikimgeuzia mgongo. Majirani walikuwa wakimchukua ili asisikie harufu yangu. Tulimpa maziwa ya kopo kwa maji ya mto, kwa kuwa mfereji ulikuwa umekauka. Niliyachemsha kila kuni zilipopatikana. Akaanza kuhara. Macho yakaingia ndani, akawa analia bila machozi. Siku ya mwisho alishika fundo la leso yangu akalivuta, na sikulifungua. Nilidhani namwokoa, Wifi.

Dabasso alipoondoka nilikwenda kwa Kinya nikamweleza kila kitu. Alilia, ingawa sikwenda kutafuta machozi yake. Nilimwuliza, basi maziwa yangu mimi yalikuwa na nini? Akasema sasa haiwezi kujulikana, kwa sababu yamekauka.

Nakuchukia. Nimeona nikuandikie wazi usije ukalisikia kwa watu likiwa limepunguzwa makali.

Usijisumbue kuja kutoa pole. Ila ukija, nitakukaribisha vizuri. Nitakutandikia mkeka pale mtoto alipolazwa, kisha nitakuomba uisimulie ile hadithi tangu mwanzo, na sauti zake zote, mbele ya mama yenu. Yeye bado anadhani ni kuhara tu kwa watoto.

Dabasso akirudi huko anakuletea mbuzi wa madoa pamoja na mtoto wake. Kaka yako alitaka kumchinja, nikamkataza. Ana maziwa mengi, na mtoto wake ananyonya vizuri, amenenepa. Wageni wakija kucheka, wapikie chai ya maziwa hayo.

Nisalimie mume wako. Wasalimie Sora na Chachu, ambao umewanyonyesha mwenyewe mpaka wakatembea. Mama yenu anakusalimu sana. Kaka yako nilimwuliza kama ana salamu, akatoka nje.

Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu na kumbukumbu nzuri, usisahau hata kidogo.

Binti yetu tulimpa jina lako, kwa heshima, kwa vile ulinihudumia. Nilikuwa nikiliita jina hilo kutwa nzima. Sasa katika nyumba hii hakuna anayeitwa Gumato, na wewe usidhani nafasi iko wazi.

Ni mimi niliyekupenda,
Tiya