Gauni la Mikono Mirefu

Mdogo wangu mpenzi,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba cherehani yangu imepona. Fundi mwenyewe ndiye bado anajidunga vidole.

Mwanao alikuja nimshonee gauni la mikono mirefu. Nikamtania, "Kwa joto hili unataka uive?" Nilipompima, mkono haukuinuka.

"Kosa langu, mama mkubwa. Niliunguza chakula."

"Nani kakwambia chakula kikiungua mtu anapigwa?"

"Mama. Anasema hata yeye alivumilia, ndiyo ndoa."

Ule ujumbe wangu kwamba amebaki kujifunza kushona ulikuwa uongo. Mumewe amemvunja mkono, naye amekimbilia kwangu. Anakuogopa wewe kuliko mumewe, maana anajua utamrudisha. Mimi simtoi.

Dada yako